MCHAGUA JEMBE SI MKULIMA: METHALI YA WASIOLIMA



Katika mkutano wa tawi uliopita ndugu mmoja wa bohari alisimama akauliza, hawa vijana wanaoandika programu za kompyuta wana shida gani hata Chama kiwasemee? Wamekaa kitini, kivulini, chai yaletwa mpaka mezani. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, maana ni mmoja wa hao wakaa vitini. Lakini swali lake lilikuwa la haki, na mtu anayelipa ada yake kila mwezi ana haki ya kujibiwa.

Jibu ni hili. Iko mashine kazini kwetu isiyo na kinga. Twaitumia kila siku, hatukuichagua, hatukufundishwa, na kila mmoja wetu imekwisha kumwumiza. Na kila inapomwumiza mtu, yeye huambiwa kwamba kosa ni lake. Mashine hii haikati vidole, yakata mshahara. Jina lake ni Git.

Nitaieleza kwa namna ambayo kila mtu ataifahamu, kisha nitasema yaliyotokea ofisini kwetu. Sitajificha, kwa kuwa sehemu ya aibu ni yangu.

Programu ni maandishi. Ni mistari maelfu kwa maelfu inayoiambia kompyuta la kufanya: toza huyu, hesabu mzigo wa yule, andika risiti. Maandishi hayo hayaandikwi na mtu mmoja. Kwetu ni watu sita, na wote wayaandika kwa wakati mmoja. Sasa wewe ndugu wa bohari, fikiri daftari yako ya mizigo inaandikwa na makarani sita pamoja, kila mmoja na kalamu yake, huyu afuta mstari ambao yule ameuandika sasa hivi. Jioni daftari hiyo itakuwaje? Kwa hiyo hapana budi kiwepo chombo cha kuitunza: kionyeshe nani ameandika nini na siku gani, kiunganishe kazi ya huyu na ya yule, na kama jambo limeharibika kiturudishe kwenye ukurasa wa jana. Chombo cha namna hii si anasa. Bila hicho hapana kazi. Na kwa kazi hiyo Git ndicho chombo kilichoenea zaidi ulimwenguni leo.

Katika Git kila mfanyakazi ana daftari nzima katika kompyuta yake mwenyewe, tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Aandika kwake, kisha aisukuma kazi yake kwenye daftari kuu iliyo katika seva, na avuta ya wenzake kutoka huko. Shikeni neno hili la daftari nzima kwa kila mtu, maana nitalirudia.

Basi, aliajiriwa kwetu kijana mmoja aliyetoka chuoni. Jina lake sitalitaja, wala la kampuni, kwa kuwa shauri lake sasa liko mikononi mwa katibu wa tawi. Kwa siku tisa kijana huyu alikuwa ametumwa kazi ya peke yake, asivute ya wenzake. Ijumaa saa kumi na moja jioni akamaliza, akataka kusukuma. Git ikakataa. Ikamwandikia maneno ambayo hata Mwingereza angeyasoma mara mbili, kwamba ncha ya tawi lake iko nyuma ya mwenzake wa mbali. Alikuja kuniuliza. Nilikuwa katika simu na mteja, nikamwashiria kwa mkono angoje. Hakungoja, kwa sababu meneja alikuwa amesimama mlangoni, ufunguo wa gari mkononi, akiuliza kama kazi imekwisha au haijaisha. Akatafuta katika intaneti, akakuta watu wasiomjua wakishauri kwamba ukikataliwa sukuma kwa nguvu. Akasukuma kwa nguvu. Git ile iliyokataa sasa ikakubali bila neno. Daftari kuu ikawa ni yake peke yake. Kazi ya siku tisa ya watu wawili ikawa haimo tena, na mmoja wa wawili hao ni mimi.

Jumatatu asubuhi mteja akapiga simu kwamba mambo aliyoonyeshwa wiki iliyopita hayaonekani. Meneja hakuuliza ilitokeaje. Aliuliza nani. Saa nne tuliitwa chumbani. Kijana akasomewa barua ya onyo mbele yetu, akaambiwa hasara itakatwa katika mshahara wake, nusu ya mwezi. Akapewa kalamu. Alitutazama. Mimi niliitazama meza. Akatia sahihi.

Jumanne jioni dada mmoja wa ofisi yetu, ambaye hakuwamo katika kikao kile kwa kuwa mtoto wake alikuwa mgonjwa, alifungua kompyuta yake. Kazi yote ilikuwamo, yake na yangu, siku zote tisa. Ilikuwamo katika kompyuta yangu pia. Kumbukeni nilivyosema: daftari nzima kwa kila mtu. Tena Git huweka orodha ya nyayo, yaani kila mahali ambapo tawi limepata kusimama, na kwa kawaida kurasa zilizoachwa huweza kupatikana tena kwa nyayo hizo hata siku 30. Dada akairudisha kazi kwenye daftari kuu kwa dakika chache. Chai yake haikupoa. Maana yake ni kwamba Jumatatu ile, mtu alipokuwa akiadhibiwa kwa kupoteza kazi, kazi ile ilikuwa haijapotea hata kidogo. Ilikuwa imekaa mezani kwangu, ndani ya mashine yangu mwenyewe.

Nilijua jambo hili. Nina miaka kumi na mmoja katika kazi hii. Lakini asubuhi ile nilikuwa na hasira kwa ajili ya siku zangu tisa, kisha nilipoona barua nikaingiwa na hofu, na mtu mwenye hasira na hofu hakumbuki ajualo. Kazi ilirudi. Mshahara haukurudi. Mwisho wa mwezi ulikatwa kama ilivyoandikwa, na barua ingali ndani ya faili.

Sasa nauliza, kosa lilikuwa la nani?

Git yenyewe ina mpangilio ambao seva yaweza kupewa, ikakataa kabisa mtu yeyote kusukuma kwa nguvu kwenye daftari kuu. Kuuweka ni kazi ya dakika chache na hauna bei. Kwetu haukuwekwa. Tulipouliza sababu, tuliambiwa kwamba mkubwa mwenyewe hupenda kuingia usiku akasahihisha mambo, na hataki kusumbuliwa na mlango. Tena tangu mwaka 2013 iko njia nyingine ya kusukuma kwa nguvu ambayo ni ya upole: kwanza yatazama kama kuna kazi ya mwenzako iliyoingia ambayo hujaiona, na ikiwa ipo, yakataa. Ni njia njema. Lakini amri yake ni maneno matatu yaliyofungwa pamoja, na amri ya hatari yaandikwa kwa herufi moja tu. Ndugu wa kiwanda cha mbao, wewe ungesemaje juu ya msumeno ambao kinga yake imefungiwa kabatini, na kila utakapo kuitumia yakupasa ujaze fomu, bali kukata bila kinga hapana fomu?

Labda mtu atasema chombo kibaya namna hii kilienea vipi. Si kibaya, na hapa nataka haki itendeke. Kilitengenezwa kwa kazi nyingine.

Vyombo vya zamani vilikuwa kama reli ya njia moja. Wazee wetu wa reli watakumbuka: dereva haingii katika njia mpaka akabidhiwe ile alama ya ruhusa, na alama ni moja tu, basi magari mawili hayawezi kukutana uso kwa uso. Chombo cha kwanza, SCCS, kiliandikwa na Marc Rochkind katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1972. Kikafuata RCS cha Walter Tichy mwaka 1982. Ukichukua faili kuiandika, yafungwa kwa jina lako, mwenzako angoje. Salama, ndiyo. Lakini mwenye alama akienda likizo Kisii nayo iko mfukoni, nyote mwakaa stesheni. Ndipo vikaja CVS, na baadaye Subversion, vikaruhusu watu wote waandike pamoja kisha wapatanishe, daftari ikiwa moja katika seva. Seva ikilala, kwa kazi nyingi nawe umelala.

Git ilizaliwa kwa ugomvi. Watu wanaotengeneza Linux, ambao ni maelfu na wametapakaa dunia nzima, tangu mwaka 2002 walikuwa wakitumia chombo kiitwacho BitKeeper, mali ya kampuni moja ya Marekani. Walipewa bure, kwa masharti. Sharti moja lilikuwa kwamba anayekitumia bure asishiriki katika kutengeneza chombo cha kushindana nacho. Mwaka 2005 mmoja katika jamii ile alianza kuchungua namna chombo kile kinavyosema na seva yake, mwenye mali akakasirika, akaiondoa ruhusa. Wazee wetu waliokuwa maskwota katika mashamba ya walowezi hawahitaji kuelezwa jambo hili: umelima, umepanda, na asubuhi moja waambiwa shamba si lako.

Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux, akaketi akaandika chombo chake mwenyewe. Alianza tarehe 3 Aprili 2005, na tarehe 7 chombo kilikuwa kimekwisha kuanza kutunza maandishi yake chenyewe. Mwezi wa Julai akamkabidhi Junio Hamano, aliyekisimamia kwa miaka mingi baadaye. Jina alilokipa ni tusi dogo la Kiingereza cha mitaani.

Siku nne! Ni kazi ya ajabu, na sioni haya kuisifu. Lakini tazama ilikuwa kazi ya nani. Mtu mmoja hupokea mabadiliko kutoka kwa maelfu ya watu asiowalipa na asiowaona, naye achagua aingize hili, akatae lile. Hataki mtu yeyote asukume kitu ndani ya daftari yake. Yeye ndiye huvuta anachokitaka. Kwa mtu kama huyo kinga ya mlangoni haina haja, kwa kuwa mlango ni yeye. Na maneno magumu hayamsumbui, kwa kuwa ndiye aliyeyatunga. Chombo hicho kikachukuliwa jinsi kilivyo, kikawekwa katika ofisi ya watu sita hapa Nairobi wenye seva moja, mteja mmoja na meneja mmoja asiyeweza kungoja, kisha tukaambiwa: haya, fanyeni kazi.

Ugumu wake haukubuniwa na wavivu. Nitatoa mfano mmoja tu. Kwa miaka mingi amri moja, iitwayo "checkout", ilikuwa na kazi mbili zisizohusiana hata kidogo. Ukiitumia hivi, yakuhamisha kutoka tawi moja mpaka jingine, wala hapana hasara. Ukiitumia vile, yafuta yale uliyoandika leo katika faili na kuyarudisha ya jana, haikuulizi, wala hayo uliyofuta hayana nyayo kwa kuwa hukuwa umeyaandikisha bado. Jina ni lilelile. Ni kama duka la dawa liuze dawa ya kikohozi na sumu ya panya katika chupa za namna moja. Waandika programu wengi walilalamika, wakaambiwa wasome kitabu. Mwezi wa Agosti 2019 wenye Git wenyewe, katika toleo la 2.23, wakaleta amri mbili mpya, moja ya kuhama na moja ya kurudisha. Yaani walikubali, baada ya miaka 14, kwamba waliolalamika hawakuwa wapumbavu. Sijasikia kwamba mtu aliyepewa onyo kwa ajili ya amri ile kabla ya mwaka huo ameombwa radhi.

Nafika kwenye methali. Tulipomwendea mkubwa kumwomba mafunzo ya siku mbili na mpangilio wa kinga, alicheka akatuambia, "Mchagua jembe si mkulima." Kwa Kiswahili kizuri kabisa. Hapana methali waajiri wanayoipenda kama hii. Mwambie kwamba buti zimetoboka, mchagua jembe si mkulima. Mwambie lori halina breki, utaisikia pia.

Lakini hao wakulima wakubwa wa kompyuta, matajiri wenyewe wa Marekani, wao wafanyaje? Wachagua jembe! Google hawatumii Git kwa daftari yao kuu. Walijitengenezea chombo chao, Piper, na kufika Januari 2015 daftari hiyo moja ilikuwa na mistari ya programu kama bilioni 2. Facebook, Git ilipowaelemea kwa ukubwa wa daftari yao, hawakuwaambia wafanyakazi wavumilie. Walichukua Mercurial, chombo kingine kilichozaliwa Aprili ileile ya 2005, wakawalipa wahandisi wao kukirekebisha, na mwaka 2014 wakalitangaza jambo hilo kwa majivuno. Microsoft walipoiingiza Windows katika Git mwaka 2017, faili zilikuwa kama milioni 3.5, na kuinakili daftari kwa Git ya kawaida kulichukua zaidi ya saa 12. Je, walisema mchagua jembe si mkulima? Walitengeneza nyongeza nzima ya Git ili mfanyakazi wao asikae saa 12 akitazama kioo. Basi tunaokatazwa kuchagua jembe ni sisi tu tuliokodiwa kulima.

Wala mimi siombi Git iondolewe. Nimepata kufanya kazi na vyombo vya zamani na sitaki kurudi huko. Naomba kinga na mafunzo. Ukimwambia tajiri hivyo hujifanya kusikia kwamba wataka chombo kipya cha fedha nyingi, ili apate njia ya kukataa.

Liko jambo jingine, na hili naliona baya kupita amri zote za hatari. Chombo hiki chaweka jina la mtu juu ya kila mstari. Iko amri ya kuonyesha nani aliandika mstari fulani, na amri hiyo kwa Kiingereza yaitwa "lawama". Si mzaha. Subversion pia ina amri hiyo kwa jina hilohilo, lakini watengenezaji wake walikuwa na utu kidogo, wakaipa na jina la pili, "sifa", ukiandika lolote katika hayo mawili jibu ni moja. Tangu nianze kazi sijapata kusikia meneja akiomba aonyeshwe sifa.

Kisha wakajifunza kuhesabu. Kila unapoandikisha kazi yako katika Git, chombo chaweka alama moja na tarehe yake. Kwetu ikaanza kubandikwa karatasi ukutani kila Jumatatu: fulani alama 41, fulani 12. Aliyekuwa na 12 ni yule dada niliyemtaja. Wiki ile alikuwa ametafuta kosa moja lililowafanya wateja watozwe mara mbili. Alilitafuta siku nne, na dawa yake ilikuwa mstari mmoja. Aliyekuwa na 41 alikuwa akibadili majina. Wiki ya pili tukawa sote tumeelewa mchezo. Mtu aandika mstari, aandikisha. Aongeza koma, aandikisha. Daftari ikajaa takataka, hata kosa likitokea hakuna awezaye kuona liliingilia wapi, na hiyo ndiyo kazi ambayo chombo kiliwekwa kuifanya. Ndugu wanaochuma chai huko Kericho wana mzani wao, nao wana malalamiko yao juu ya mzani, lakini angalau jani la chai lina uzito. Hizi alama za Git hazina uzito wowote. Zahesabu ni mara ngapi umegonga kengele.

Ubaya wa hesabu hiyo ni kwamba iliwageuza watu. Nikiacha kuandika nimsaidie kijana aliyekwama kwa saa moja, karatasi ya Jumatatu itaonyesha kwamba saa ile sikufanya kazi. Ijumaa ile nilipomwashiria angoje, nilikuwa katika simu, ni kweli. Lakini hata simu ilipokwisha sikuinuka. Nilikuwa na alama 9 na wiki ilikuwa inakwisha.

Hapa nataka niseme na wenzangu wa kazi hii, hasa wazee wake. Sisi tumeugeuza ugumu wa chombo hiki kuwa cheo. Mtu ameteseka miaka mitatu mpaka akaweza kuyashika mambo ya Git, na sasa kijana akimwuliza humjibu kwa dharau, soma kitabu. Torvalds mwenyewe alikwenda kutoa hotuba kwa wahandisi wa Google mwaka 2007 akawadhihaki waziwazi wapendao Subversion, na ukumbi ulicheka, na wengi wetu tumeiga dhihaka ile kana kwamba ni sehemu ya elimu. Tumekuwa wanyapara bila kulipwa unyapara. Mwajiri hahitaji kumtisha kijana asiulize, maana sisi tumekwisha kumtisha. Nakumbuka makuli wa bandari walivyokuwa wakisimuliwa na baba yangu: mtu mpya aliyekuja gatini alionyeshwa kwanza mahali pa kusimama kreni inapogeuka, kabla hajaulizwa jina. Hakuna aliyengoja apigwe ndipo ajifunze.

Sheria yasemaje? Katika nchi hii tangu Sheria ya Viwanda ya mwaka 1951 mwenye kiwanda ametakiwa azingire sehemu za hatari za mashine zake. Sheria ile ilipoondolewa, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 iliendelea na wajibu huo, pamoja na wajibu wa kumfundisha mfanyakazi. Sisemi kwamba sheria hiyo yataja Git, wala sitaki mwanachama aende kusimama mbele ya mwajiri akadai hivyo, atachekwa. Nasema fikira yake ndiyo fikira yetu: aliyeiweka mashine ndiye aweke kinga, na kidole kilichokatika si ushahidi wa uzembe wa mwenye kidole.

Juu ya mshahara, sheria ni wazi zaidi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa ambalo mfanyakazi alilifanya kwa kusudi. Kwa kusudi, ndugu. Kijana aliyefuata ushauri wa intaneti saa kumi na moja jioni huku mkubwa akimsimamia mlangoni hakufanya kwa kusudi. Na tena, ni mali gani iliyopotea? Jumanne ilikuwa imerudi yote. Kifungu cha 41 chataka mfanyakazi kabla hajafukuzwa kwa utovu au udhaifu wa kazi aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama aliyemchagua. Najua watasema hiyo ni ya kufukuzwa, si ya barua ya onyo. Ni kweli. Lakini barua za onyo ndizo ngazi ya kupandia mpaka kule, na mtu aliyetia sahihi ya kwanza peke yake atatia na ya pili.

Halmashauri ya tawi imekubali kwamba katika mapatano yajayo na waajiri tuingize maneno juu ya kazi hizi. Tutataka mafunzo ya chombo chochote kinachotumika, na yafanyike ndani ya saa za kazi. Siyo kama sasa, kijana ajifunza usiku kwa bando la simu yake mwenyewe. Tutataka daftari kuu iwekewe kinga, na kinga hiyo imhusu mkubwa kama inavyomhusu mdogo. Kazi ikionekana imepotea, pasiwe na barua wala makato mpaka kompyuta za wote zimetazamwa, na atazame mtu ajuaye. Na ile karatasi ya Jumatatu iondoke ukutani. Hili la mwisho mwajiri wetu amelikataa tayari kwa mdomo, akisema hesabu haina ubaya, hesabu ni hesabu tu. Tutaona.

(Wengine wameniuliza habari ya nyumba za kukodi, yaani kampuni zinazotuwekea daftari kuu, kama GitHub, ambayo Microsoft waliinunua mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5. Mwaka 2019 waandika programu wa Iran na Syria waliamka wakakuta milango yao imefungwa nusu kwa sababu ya sheria za Marekani. Ni jambo kubwa na lataka makala yake.)

Mwanachama yeyote aliyepewa barua ya onyo au aliyekatwa mshahara kwa ajili ya kazi iliyosemekana kupotea katika kompyuta, na ailete barua hiyo pamoja na hati yake ya mshahara kwa katibu wa tawi, Jumamosi kabla ya saa saba. Kama bado hujatia sahihi, usitie. Na kompyuta unayotumia kazini usiisafishe wala usikubali isafishwe.

Shauri la kijana wetu litasikilizwa mwezi ujao. Dada yule ameandika jina lake kuwa shahidi, nami nimeandika langu chini ya lake. Nitakwenda na kompyuta yangu, na kurasa za siku zile tisa zimo.